Uso wenye dohani ya Gécamines ndani yake: picha ya mwanga mara mbili inatengenezwaje?

Katika makundi ya WhatsApp ya Lubumbashi kuna aina ya picha inayozua mabishano kila inapotumwa. Ni uso wa mtu, mara nyingi ametazama pembeni, lakini penye shavu na bega panaonekana dohani ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, terili nyeusi kando yake, yaani kilima cha mabaki ya kuyeyusha madini, na kipande cha mbingu. Mmoja anaandika kwamba hiyo ni kazi ya akili bandia. Mwingine anajibu kuwa ni filta ya simu tu, unabonyeza mara moja imekwisha. Yaya fulani, yaani dada mkubwa, hakosi kuuliza kama inafaa kumfanyia marehemu namna hiyo, maana picha hizi sasa zinaonekana hata kwenye vilio, zimechapwa juu ya fulana. Halafu anakuja yule aliyejaribu mwenyewe: aliweka picha moja juu ya nyingine, akaipunguza nguvu ile ya juu, na kilichotoka ni ukungu wa kijivu. Anaamini wenye studio wanaficha kitu.

Huyu wa mwisho ndiye nitakayeanza naye, kwa sababu ukielewa ule ukungu wa kijivu umetoka wapi, mengine yote yanafuata.

Kitu chenyewe ni nini

Picha ya mwanga mara mbili, ambayo kwenye studio zetu utasikia ikiitwa double exposition, ni picha moja iliyopokea mwanga wa vitu viwili tofauti: kwanza mtu, kisha mahali au kitu kingine. Kwenye programu za kuhariri picha utakutana na maneno matatu. Tabaka ni picha moja iliyolala juu ya nyingine ndani ya faili hilohilo. Menyu za Kifaransa huandika calque. Modi ya kuchanganya ni kanuni inayoamua tabaka la juu likutane vipi na la chini. Maski ni kifuniko kinachoficha sehemu ya tabaka bila kuifuta, kiasi kwamba ukibadili nia kesho unaweza kuirudisha.

Angalia kwamba katika maelezo hayo sikusema "picha moja juu ya nyingine". Nilisema mwanga. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Filamu na bidoni

Kabla ya simu, picha ilishikwa na filamu. Filamu ilipakwa chembe za chumvi ya fedha, na chembe hizo hubadilika zikiguswa na mwanga. Kila sehemu ndogo ya filamu ichukulie kama bidoni ya njano ya lita 20 iliyowekwa kwenye foleni ya maji, na mwanga ndio maji yenyewe.

Mpiga picha anamsimamisha mtu aliyevaa koti jeusi mbele ya mbingu nyeupe. Anapiga. Bidoni za upande wa mbingu zinajaa hadi mdomoni. Bidoni za koti zinabaki karibu tupu, kwa sababu koti jeusi halirudishi mwanga mwingi. Kisha, bila kusogeza filamu, anageuza kamera kwenye mti na kupiga tena juu ya sehemu ileile. Mwanga wa pili unaanguka kila mahali. Lakini bidoni za mbingu zimekwisha kujaa. Unachoongeza kinamwagika, hakuna kinachobadilika. Bidoni za koti zina nafasi, nazo zinapokea. Ukisafisha filamu ile, mti unaonekana ndani ya mwili wa mtu tu, umefuata mstari wa bega lake kwa usahihi ambao mkasi haufiki. Na hakuna aliyekata chochote.

Kwa hiyo kanuni ni moja: penye giza panapokea, penye mwanga mwingi pamefungwa. Na mwanga unaongezwa tu, hauondolewi. Ndiyo maana wapiga picha wa filamu walikuwa wakipunguza kila pigo kwa nusu. Ikiwa picha ya kawaida ilihitaji sehemu moja ya 125 ya sekunde, walipiga mara mbili kwa sehemu moja ya 250, ili bidoni za katikati zisifurike.

Mara nyingi jambo hili lilitokea bila mtu kukusudia. Kwenye kamera nyingi za zamani, usiposogeza filamu baada ya kupiga, picha iliyofuata ilianguka juu ya ya kwanza, na familia ikajikuta na ubatizo uliochanganyika na harusi. Watengenezaji wa kamera waliweka baadaye kizuizi cha kumzuia mtu asipige mara mbili kwenye fremu moja. Kile ambacho vijana wanalipia leo kama sanaa kilikuwa kosa la kufungiwa kwa chuma.

Hapo ndipo penye chimbuko la ile hofu ya mizimu ambayo haijaisha mpaka leo. Katika miaka ya 1860, huko Boston, Marekani, mchonga vito aliyeitwa William Mumler alianza kuuza picha ambazo nyuma ya mteja lilionekana umbo hafifu la ndugu aliyefariki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeua watu wengi, na waliofiwa walilipa. Mwaka 1869 alishtakiwa New York kwa udanganyifu. P. T. Barnum, yule mfanyabiashara mashuhuri wa maonyesho, alitoa ushahidi dhidi yake, lakini Mumler aliachiliwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Miaka michache baadaye mjane wa Rais Abraham Lincoln alikaa mbele ya kamera yake, na picha iliyotoka ilimwonyesha mumewe amesimama nyuma, mikono begani pake. Wapiga picha wenzake walijua na walisema waziwazi jinsi kitu kama hicho kinavyoweza kufanywa kwa kutumia bamba moja la kioo, lililofanya kazi ya filamu wakati ule, kwa picha mbili. Umbo lile lilikuwa hafifu kwa sababu lilipata mwanga kidogo. Basi.

Ukungu wa kijivu unatoka wapi

Ndani ya simu hakuna bidoni, kuna namba. Katika picha ya kawaida ya JPEG kila nukta, yaani pikseli, ina kiasi cha mwanga kati ya 0 na 255: 0 ni nyeusi kabisa, 255 ni nyeupe kabisa. Kwa picha ya rangi kuna namba tatu za namna hiyo, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu, lakini kwa sasa tushike moja tu.

Chukua mtu mbele ya ukuta mweupe. Ukuta ni 255. Bega lake, lililo kivulini, ni 50. Picha ya pili ni dohani mbele ya mbingu: mbingu 200, dohani 40.

Yule ndugu wa WhatsApp aliweka tabaka la pili juu akalipunguza hadi asilimia 50. Alichofanya, bila kujua, ni kutafuta wastani. Bega na mbingu: 125. Bega na dohani: 45. Hapo si pabaya. Lakini tazama ukuta. Ukuta na mbingu: karibu 228. Ukuta na dohani: karibu 148. Ukuta uliokuwa mweupe umechafuka, na dohani imesimama hewani nje ya mwili wa mtu kama doa la masizi. Wastani hauna bidoni iliyojaa wala iliyo tupu. Unagawa kila mahali sawa. Unashusha palipong'aa, unainua palipokuwa na giza, na kila kitu kinakutana katikati. Katikati ya nyeusi na nyeupe ni kijivu. Hakuna siri nyingine.

Sasa modi sahihi. Photoshop ya Kifaransa inaiita "Superposition". Hesabu yake ni hii: unachukua nafasi iliyobaki kwenye kila picha, yaani 255 toa mwanga wake, unazidisha nafasi hizo mbili, unagawanya kwa 255, kisha jibu unalitoa tena kwenye 255. Hakuna haja ya kuikariri, simu inafanya yenyewe kwa mamilioni ya pikseli. Muhimu ni majibu. Ukuta na mbingu: 255. Ukuta na dohani: 255. Ukuta haujaguswa hata kidogo, kwa sababu nafasi iliyobaki kwake ilikuwa sifuri, na sifuri ukiizidisha na chochote ni sifuri. Bega na mbingu: 211. Bega na dohani: 82. Dohani inasomeka vizuri, na inasomeka ndani ya mtu peke yake.

Angalia pia jambo ambalo hata watu wa studio huwa hawalisemi. Kilichoingia begani ni mbingu. Dohani haikuingia, pale ilipo dohani ndipo mwanga wa pili ulipokosekana, na bega likabaki karibu kama lilivyokuwa. Ile dohani unayoiona imeumbwa kwa ngozi na nguo za mtu mwenyewe. Ukilielewa hili utaacha kushangaa kwa nini picha ya pili yenye giza tupu haionyeshi kitu.

Kuna modi ya kinyume, ambayo kwa Kifaransa huandikwa "Produit". Hiyo inazidisha mwanga kwa mwanga, kwa hiyo kila mara inatia giza: nyeupe inaacha picha nyingine ipite, nyeusi inafunga. Inafaa pale mtu wako anapong'aa na mandhari ya nyuma ni meusi, au unapotaka matawi ya mti yaonekane kama wino. Majina ya modi hubadilika kutoka programu moja hadi nyingine na kutoka lugha moja hadi nyingine, kwa hiyo usihangaike nayo. Weka tabaka la pili juu ya picha yenye ukuta mweupe, kisha pitia modi moja baada ya nyingine. Ile ambayo ukuta unabaki mweupe pe na picha ya pili inajificha ndani ya mtu, ndiyo hiyo.

Ngozi yetu na mafunzo ya watu wengine

Video nyingi za kufundisha zinatumia mtu mwenye ngozi nyeupe. Kwake yeye uso ni bidoni iliyojaa nusu au zaidi: picha ya pili inaingia kwenye nywele na nguo, uso unabaki unasomeka wenyewe. Kijana wa Kamalondo au wa Katuba anafuata hatua hizohizo, na mandhari yanameza uso mzima. Macho hayaonekani, mdomo umepotea, mama mzazi hamtambui mtoto. Anahitimisha kwamba mbinu hii haikuumbwa kwa ngozi nyeusi.

Mimi naona kinyume chake. Ngozi nyeusi ina nafasi kubwa ya kupokea, na mandhari yanayoingia ndani yake yana kina ambacho ngozi nyeupe haiwezi kutoa. Tatizo ni kwamba nafasi ni nyingi mno na imeenea kote. Dawa ni mwanga, na unapangwa kabla ya kufungua programu yoyote. Mkalishe mtu karibu na dirisha au mlango, mwanga umjie upande mmoja. Upande wa dirisha utajaa kiasi, nao utashika jicho, pua na shavu. Upande wa kivuli ndio utakaobeba mji.

Dawa mbaya, na inatumika sana, ni kupandisha mwangaza wa uso mzima "ili aonekane". Uso unaonekana kweli, ila ni wa mtu mwingine aliyechubuliwa na kompyuta. Ukiona studio inafanya hivyo kwa picha ya marehemu, rudisha.

Nywele ndizo mpokeaji bora kuliko vyote: msuko, nywele za asili, hata wigi jeusi. Koti jeusi nalo ni zuri. Kikwembe chenye maua makubwa kinasumbua, maana maua yake yanagombana na matawi au nyumba za picha ya pili, na jicho la mtazamaji halijui lishike lipi. Kiache kwa picha nyingine, hata kama ndicho kilichoshonwa kwa ajili ya sherehe.

Kuchagua picha mbili

Kwa picha ya mtu, ukuta mweupe si lazima. Mbingu ya mawingu ya miezi ya mvua, Novemba hadi Machi, ni ukuta mweupe mkubwa kuliko wote. Msimamishe mtu mahali ambapo nyuma yake ni mbingu tupu, gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha pandisha mwanga kidogo hadi mawingu yawe meupe kabisa. Kilichobaki utakimalizia kwenye programu kwa kuinua sehemu za mwanga mpaka nyuma pafike 255. Ikibaki 230 au 240 utaona kivuli cha picha ya pili kikitokeza nje ya mwili, na hapo ndipo watu wengi huanza kufuta kwa kidole kwa saa nzima, wakati kuinua mwanga kulitosha.

Ametazama pembeni au robo tatu ni bora kuliko uso wa mbele, kwa sababu mstari wa paji, pua na kidevu unamtambulisha mtu hata ndani yake kukiwa na mji mzima.

Picha ya pili iwe na tofauti kubwa kati ya mwanga na giza, na umbo linalotambulika haraka. Dohani na terili zinafanya kazi vizuri kwa sababu ni maumbo mawili tu mbele ya mbingu, na hakuna mtu wa Lubum asiyeyajua. Jakaranda za Septemba na Oktoba zinatoa matawi na maua, ingawa zambarau yake ikijumlishwa na ngozi ya kahawia huenda ikakushangaza. Soko la Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, limejaa vitu vidogo mno. Kwenye uso linageuka kuwa makombo. Ukitaka kupiga dohani kutoka mbali, ngoja mvua inyeshe kwanza. Wakati wa kiangazi vumbi na moshi wa majani yanayochomwa hufanya kila kitu cha mbali kuwa kijivu, na kijivu tumekwisha kuona kinaleta nini. Na tafadhali, tuache kuweka maghorofa ya New York kwenye nyuso za watu ambao hawajawahi kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Hilo si suala la mbinu, ni maoni yangu tu.

Mahali pa kuiweka picha ya pili panahitaji uvumilivu kuliko kitu kingine chochote. Kumbuka kuwa mbingu ya picha ya pili inalifanya bega la 50 kuwa 211, na nyuma ni 255. Tofauti imekuwa ndogo. Maana yake, mbingu hiyo ikiangukia kwenye mstari wa pua au kidevu, mstari unayeyuka na mtu anapoteza sura. Kwa hiyo sogeza, zungusha, kuza tabaka la juu mpaka sehemu zenye giza, kama terili au shina la mti, zilale kando ya mistari inayomtambulisha mtu. Mbingu iangukie kisogoni au mgongoni. Huko kuyeyuka ni kuzuri. Ndiko kunakofanya picha ionekane kama mtu anageuka kuwa mahali.

Halafu maski. Chukua brashi laini, nguvu ndogo, upunguze tabaka la pili juu ya jicho lililo upande wa kamera, na pia juu ya pembe ya mdomo. Usilisafishe jicho lote likabaki duara safi katikati ya matawi, litaonekana kama tundu. Liache na mabaki kidogo.

Rangi ziachie mwisho, na anayeanza afanye picha zote mbili nyeusi na nyeupe kwanza. Ile hesabu inafanyika kwa nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, kwa hiyo udongo mwekundu wa Katanga ukikutana na ngozi ya kahawia unatoa chungwa kali ambalo hukulipanga. Ukishaona umbo limekaa sawa, rudisha rangi kwa picha moja tu, au tia rangi moja nyepesi juu ya zote.

Je, ni akili bandia? Je, ni montage?

Akili bandia ya kutengeneza picha inabuni pikseli mpya kutokana na mamilioni ya picha ilizojifunzia. Katika picha ya mwanga mara mbili, kila pikseli ina wazazi wawili unaoweza kuwataja. Ukitaka kujua, mwombe aliyeitengeneza akuonyeshe picha mbili za mwanzo. Anazo, au hana. Ni kweli kwamba simu nyingi leo hutumia akili bandia kumtenganisha mtu na mandhari yake, na hilo linaokoa muda mwingi. Lakini kumkata mtu ni kitu kimoja, na kumbuni ni kingine. Zipo pia programu zenye vielezo tayari vya kubonyeza mara moja. Zinafanya jumla ileile, ila hazijui pua ya dada yako iko wapi.

Montage nayo watu huichanganya na hii, na hapa Lubumbashi tuna mfano mzuri wa kutofautisha. Sammy Baloji, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1978, alijulikana kimataifa kwa mfululizo wake uitwao Mémoire. Alichukua watu kutoka picha za kumbukumbu za enzi ya ukoloni, wafanyakazi wa migodi na mabwana wao, akawasimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya Gécamines jinsi yalivyo siku hizi. Ile ni montage: watu wamekatwa, wana mipaka, huoni mtambo kupitia vifua vyao. Nguvu ya kazi yake inatoka hapohapo, kwamba nyakati mbili zimesimama kando bila kuyeyukiana. Mwanga mara mbili unafanya kinyume, unayeyusha. Montage pia ina umri mrefu kuliko kompyuta. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, akiwa Uingereza, aliunganisha negativu zaidi ya 30 kupata picha moja.

Mwenye nia mbaya hutumia montage, maana inaweza kumweka mtu mahali ambapo hakuwepo na ukaamini. Picha ya mwanga mara mbili inajitangaza yenyewe. Hakuna hakimu atakayedhani ulikaa ndani ya terili.

Simu inatosha?

Inatosha. Snapseed ni ya bure, na ina chombo cha mwanga mara mbili ndani yake: unafungua picha ya mtu, unaongeza ya pili, unachagua modi inayoangaza. Brashi ya kurudisha jicho imefichwa: fungua orodha ya hatua ulizokwisha kufanya, gusa hatua hiyo, utaona brashi. Picsart nayo ina modi za kuchanganya.

Kwenye kompyuta, Photoshop ndiyo inayotajwa sana. Ilitoka mwaka 1990, lakini matabaka yaliingia mwaka 1994 tu, na tangu 2013 matoleo yake mapya hulipiwa kwa usajili. Huihitaji kwa kazi hii. GIMP ni ya bure tangu 1996, inafanya kazi bila intaneti, na ina matabaka, maski na modi zote nilizotaja. Photopea inafunguka ndani ya kivinjari na kufanana sana na Photoshop. Picha zako zinabaki kwenye kompyuta yako, hazipakiwi kokote, kwa hiyo mega zinazoliwa ni za kufungua ukurasa wenyewe. Pia kuna kamera zinazofanya jumla hii ndani yake. Canon EOS 5D Mark III ya mwaka 2012, kwa mfano, ina njia nne: kujumlisha, wastani, kushika palipong'aa zaidi, kushika penye giza zaidi. Kwa maelezo ya juu unajua tayari kwa nini ile ya wastani inakatisha tamaa.

Kwa picha ya kilio

Narudi kwa swali la yaya, kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Mbinu yenyewe haina uhusiano na mizimu, lakini heshima ni ya familia kuamua, na inaamuliwa kabla ya kuchapa fulana 50. Waulizeni wazee wanataka mahali gani paonekane: kijiji, kazini, kanisani. Mfanyakazi wa zamani wa Gécamines hakumbukwi kwa dohani kila mara. Huenda watoto wake wana sababu ya kuichukia.

Mara nyingi picha iliyopo ni ya pasipoti au ya kadi ya mpiga kura. Ya pasipoti ina faida ya ukuta mweupe, ila mwanga wake umenyooka mbele, hauna upande wa kivuli. Tengeneza kivuli kidogo upande mmoja kabla ya kuongeza tabaka la pili. Ile ya kadi ni ndogo mno. Tafuta nakala nyingine kwa ndugu, na aliye nayo asiitume WhatsApp kama picha, maana itabanwa. Aitume kama faili.

Kwa fulana, chagua nyeupe. Nyuma ya picha ikiwa nyeupe kweli, hakuna wino unaowekwa hapo, na umbo la mtu linakaa moja kwa moja juu ya kitambaa bila fremu ya mraba. Na uchapaji hutia giza kuliko kioo cha simu, kwa hiyo inua sehemu za giza kidogo, uchape moja ya majaribio, uitazame nje kwenye mwanga wa mchana, ndipo umwambie mchapaji aendelee na zilizobaki.